Rejeta zinagugumia usiku

SWALI: Shikamoo fundi. Nina nyumba ya wageni ya ghorofa moja hapa Njombe. Aliyeniuzia aliacha boila ya kuni na rejeta sita za maji ya moto za kupasha vyumba joto, na kitangi darini ambako sijawahi kupanda. Julai hii wageni wananung'unika: rejeta mbili za juu zina joto chini, juu baridi, na usiku zinagugumia kama tumbo lenye njaa. Fundi ametoa upepo mara tatu. Wiki haiishi, umerudi. Ninunue pampu mpya ya kuzungusha maji?
Mama wa Njombe

JIBU: Marahaba, mama. Pampu iache kwanza. Rejeta ya baridi juu imeshika upepo. Ingekuwa baridi chini ningesema ni matope ya kutu. Fundi wako hakukosea kuutoa, ila hakujiuliza unaingilia wapi. Mimi nashuku kitangi: ndicho kinachojaza maji mabombani, kikikauka upepo huingia.

Nasema kwa aibu. Kuna nyumba moja ya Forest, hapa Mbeya, ilinizungusha siku nne nafungua koki na kufunga, hadi nilipopanda darini. Kitangi kikavu! Hakikuwa na mfuniko, nyigu wakajenga kiota cha udongo kwenye mkono wa boya, likaganda juu kana kwamba maji yamejaa. Nilikibandua kwa bisibisi, maji yakaingia.

Basi panda. Sukuma boya chini, maji yaingie. Kama maji ya bomba yamekatika, jaza kwa ndoo, lakini usifike juu: maji yakipata moto huongezeka.

Kisha zima pampu, boila ipoe kabisa. (Kijana wangu mmoja hakusubiri, kovu analo mkononi hadi leo.) Anza rejeta za chini, malizia za juu. Kile kifunguo cha tundu la pembe nne cha kutolea upepo, kivike kwenye koki ndogo ya juu ya rejeta, zungusha nusu tu, huku umekinga kopo na tambara. Itapiga "sssss", itatematema, maji yakitoka mfululizo funga. Umeme ukikatika usimulikie kibatari: kutu ikila chuma kule ndani huweza kuzaa gesi inayowaka. Ukimaliza, rudi darini uongeze maji.

Ukikuta kitangi kiko sawa, hapo ndipo uikague pampu. Nati ya upande inakovutia maji ikilegea, huweza kunyonya upepo bila kudondosha hata tone. Kaza hiyo kabla hujatoa hela ya pampu mpya.