Anza na spea

Kwa uliyeuliza ubebe nini garini usije ukakwama njiani usiku: anza na spea. Wengi wanayo ila haina upepo. Ipime leo, kisha jaribu kulegeza nati moja ya gurudumu kwa spana uliyo nayo. Fundi akizikaza kwa mashine, ile spana fupi iliyokuja na gari mara nyingi haifui dafu, kwa hiyo tafuta kipande cha bomba cha kurefushia mpini. Kama nati zina kufuli, ufunguo wake uwemo garini.

Halafu maji ya kunywa, tochi, nyaya za kubusti betri, chaja ya simu, pembetatu ya kutahadharisha wenye magari. Hiyo pembetatu iweke mbali nyuma ya gari, si hatua mbili tatu: anayekuja kwa kilomita 80 kwa saa anamaliza mita 22 kila sekunde.

Na hili nakusihi sana. Ukikwama kwenye tope au theluji ukataka kuwasha injini upate joto, kagua kwanza kama bomba la moshi halijaziba. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini, ikikosa pa kutokea huingia ndani ya gari; haina harufu, na huua watu wakiwa wamelala.