Miche ya kahawa bila viriba vya nailoni?

Ndugu wa Masaka, umeuliza kama maganda ya mgomba yanafaa badala ya viriba vya nailoni (vifuko vya kuoteshea miche) kitaluni. Kwa nyanya, pasheni na mipapai, ndiyo. Chukua ganda lililokauka, lilowanishe kidogo lisipasuke, lizungushe kwenye chupa, kunja kitako, funga kwa kamba ya mgomba huohuo. Chomoa chupa, jaza udongo, otesha mche humo. Ukiuhamishia shambani unaupanda na ganda lake, mizizi haiguswi. Kahawa ndiyo shida: hukaa kitaluni miezi 6 au zaidi, ganda litaoza kabla. Hapo tumia viriba, ila wakati wa kupanda uvivue taratibu, uvioshe, uvitumie tena (wengine huvifukia shimoni, basi!). Na usiguse mgomba wenye mnyauko wa bakteria. Hata kisu ulichokatia hueneza ugonjwa.