Kidonda kwenye puru: je, ni saratani?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34. Miezi minane sasa naona damu na ute kwenye haja kubwa, na nikimaliza nahisi bado kuna kitu kimebaki. Nilitibiwa bawasiri bila nafuu. Juzi kamera imeonyesha kidonda kwenye puru, yaani mwisho wa utumbo mpana. Silali kwa hofu.

JIBU: Marahaba. Kabla ya yote, unakaa chooni muda gani, na unajikamua sana? Wengine hutumia hata kidole kutoa choo na huona haya kusema. Usinifiche, jibu hilo lina uzito mkubwa.

Kipo kidonda cha puru kinachohusishwa na kujikamua: utando wa ndani hushuka, hubanwa, hukosa damu ya kutosha. Mara nyingi hukaa ukuta wa mbele. Kitaalamu huitwa kidonda pekee, jina la kupotosha kweli, maana vinaweza kuwa vitatu, au kisiwepo kidonda bali uvimbe tu.

Kwa macho kinaweza kufanana na saratani, hivyo ni lazima kinyama kikatwe na kupimwa kwa hadubini. Nyuzi za misuli zikionekana zimepenya ndani ya utando, ndicho hicho kidonda pekee. Je, kinyama kilichukuliwa? Kama hapana, rudi wiki hii.