Kuponi za pipi Uingereza, 1942 hadi 1953

Ndugu, uliuliza kama picha ya watoto kwenye foleni ya duka la pipi inaweza kuwa ya 1953, ukidhani mgao wa pipi (kiasi maalum ambacho kila mtu aliruhusiwa kununua) uliisha na Vita vya Pili vya Dunia mwaka 1945. Hapana, haukuisha wakati huo. Ulianza Julai 1942, ukaondolewa tarehe 24 Aprili 1949, na Agosti mwaka huohuo ukarudishwa. Ulikoma kabisa tarehe 5 Februari 1953, kwa hiyo picha uliyoiona ya watoto kwenye foleni ya duka la pipi inaweza kabisa kuwa ya siku hiyo.

Hatua ya kuuondoa mwaka 1949 ilikwama kwa sababu watu walinunua kupita kiasi ambacho viwanda viliweza kutengeneza, na sukari yenyewe ilikuwa bado haba.

Wengi hukosea wakidhani kuponi ilikuwa pesa. Ilikuwa ruhusa tu, bei ulilipa vilevile. Mtoto alifika na kitabu cha mgao na senti zake, mwenye duka akakata kuponi kwa mkasi, akateremsha chupa kubwa ya kioo na kumimina pipi kwenye sahani ya mizani, moja moja mwishoni, mpaka kipimo kisimame sawa. Tofi ilikuja bapa zima, ikavunjwa kwa kinyundo kidogo.

Kiasi kilibadilika, ila kwa muda mrefu kilikuwa kama aunsi 3 kwa wiki, yaani gramu 85. Ndiyo maana pipi ngumu za kumumunya zilipendwa: kwa uzito uleule zilidumu mdomoni kuliko chokoleti.