Nokia haikukosa teknolojia: niliyoyaona ndani ya kampuni ya programu

Mkuu, umeuliza kama Nokia iliuawa na teknolojia ya iPhone au na utamaduni wa kampuni yenyewe. Wengi wamejibu teknolojia. Mimi sikubaliani nao kabisa.

Teknolojia walikuwa nayo. Nokia 7710, simu yenye skrini ya kugusa, ilitangazwa mwaka 2004, kabla iPhone haijajulikana. Fedha zilikuwepo, wahandisi walikuwepo, na kufikia mwaka 2007 karibu simu nne katika kila kumi zilizouzwa duniani zilikuwa zao. Watafiti Timo Vuori na Quy Huy waliwahoji watu 76, wakiwemo viongozi, mameneja na wahandisi, wakagundua kwamba kampuni nzima ilikuwa imejaa hofu. Wakubwa waliwahofia washindani na wenye hisa; mameneja wa kati waliwahofia wakubwa. Waliojua udhaifu wa Symbian, mfumo endeshi wa simu za Nokia, walinyamaza au waliahidi zaidi ya uwezo wao. Huko juu ahadi hizo zikaaminiwa, na wakubwa wakadai makubwa zaidi. Septemba 2013 ikatangazwa kwamba biashara ya simu inauzwa kwa Microsoft.

Hali hiyo naielewa kwa sababu nimeiishi. Nilifanya kazi kwenye kampuni iliyotengeneza mfumo wa malipo. Kila wiki tulijaza ripoti ya mradi kwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Wiki moja mwenzetu wa hifadhidata aliweka nyekundu, akaandika kwamba mzigo ukiongezeka baadhi ya miamala inajirudia. Kiongozi wa timu akaishusha kuwa njano "ili tusiwashtue". Meneja wake akaona tatizo linashughulikiwa, basi ripoti ilipomfikia mkurugenzi ilikuwa ya kijani, na maneno mawili tu: maboresho yanaendelea.

Ukimuuliza yeyote kati yao atakuambia hakudanganya, alipunguza makali tu. Lakini wote walikumbuka meneja mmoja aliyewahi kuleta nyekundu kikaoni. Alihojiwa mbele ya watu kama mshtakiwa, na muda si mrefu akaondolewa kwenye mradi. Hakuna waraka wa kukataza nyekundu uliotolewa baada ya hapo, wala haukuhitajika. Mfumo ulipozinduliwa, wateja walikatwa fedha mara mbili kwa muamala mmoja. Mteja wetu mkubwa akavunja mkataba. Wahandisi wazuri ndio waliotangulia kuondoka, maana wao hawakosi pa kwenda. Bado inaniuma, kwa sababu tatizo lilikuwa limeonekana na kuandikwa mapema na mtu aliyeijua kazi yake.

Kuna jambo ambalo mjadala huu haujaligusa: mara nyingi utamaduni unaoiangusha kampuni ndio ule ule uliowahi kuipandisha. Nokia ilitamba kwa nidhamu ya uzalishaji, kutoa modeli nyingi kwa wakati na kwa gharama nafuu. Hilo lilikuwa sahihi kabisa wakati simu ilishindana kwa betri, uimara na bei. Simu ilipogeuka kuwa programu, haraka ya kutoa modeli mpya ikawanyima wahandisi nafasi ya kujenga upya msingi. Na wanaopata vyeo katika nyumba kama hiyo ni mahodari wa mchezo wa zamani, kwa hiyo wao ndio wa mwisho kuuona mpya.

Anayedhani haya ni maneno ya watu wa rasilimali watu aitazame Microsoft. Kwa miaka mingi wafanyakazi walipangwa kwa madaraja, na hata timu ikifanya vizuri wote, lazima baadhi yao wawekwe chini. Hapo kumsaidia mwenzako kunaweza kukushusha wewe. Utaratibu huo ulifutwa Novemba 2013. Satya Nadella akashika uongozi Februari 2014, na mwezi uliofuata Office, programu za ofisi za Microsoft, ikatoka kwa iPad ya Apple. Kazi ya kuitengeneza ilianza kabla ya Nadella, sawa, lakini kumpelekea mshindani bidhaa yako bora kulionyesha kwamba Windows haikuwa tena kitu cha kulindwa kwa gharama yoyote.

Ukienda kwenye usaili, usiulize kuhusu maadili yaliyoandikwa kwenye tovuti yao. Omba wakusimulie mradi wa mwisho uliosimamishwa kwa sababu mfanyakazi wa chini alisema haufai, kisha uliza mfanyakazi huyo yuko wapi sasa.