Mkaguzi Kaja, Kasaini, Kaondoka: Maswali Yenu Kuhusu Mabomba ya Mafuta na Gesi

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba mkaguzi wa serikali wa mabomba muda mwingi anakagua makaratasi, sio chuma, basi mmenijaza barua mpaka mhariri akanipigia kuniuliza nimesema nini. Nimechagua chache. Zingine zinafanana kwa hiyo usipoiona yako soma ya mwenzio, jibu limo humo humo.

SWALI: Shikamoo mzee. Bomba la gesi linapita nyuma ya nyumba yetu kabisa. Kwa hiyo kumbe kampuni ndo inajipima yenyewe halafu inapeleka majibu serikalini? Hiyo si sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani? – Jirani wa Mkuza

JIBU: Marahaba. Mfano wako mzuri, ila ongeza kitu kimoja: mwanafunzi huyo analazimishwa kuandika njia yote aliyopita mpaka akapata jibu, na mwalimu anaweza kumwita siku yoyote amwambie hebu nionyeshe hii umeipataje. Ndo ukaguzi wenyewe huo. Hamna serikali duniani yenye watu wa kutosha kutembea juu ya kila bomba. Marekani peke yake ina mabomba ya zaidi ya kilomita milioni 4 ukijumlisha na yale madogo ya kusambaza gesi majumbani, na chombo kinachosimamia, PHMSA, kilichoanzishwa 2004 chini ya wizara ya uchukuzi, kina wakaguzi wa kuhesabika hata ukiwaongeza na wale wa majimbo.

Kwa hiyo sheria inamwambia mwenye bomba afanye nini na mara ngapi, halafu mkaguzi anakuja kuuliza ushahidi uko wapi. Kwa kule Marekani bomba la mafuta likipita mahali ambapo likivuja litaumiza watu au maji, linatakiwa kuchunguzwa kila baada ya miaka 5, la gesi miaka 7. Mara nyingi wanatumia kifaa wanachokiita pigi, kinasukumwa ndani ya bomba na mafuta yenyewe au gesi yenyewe huku sumaku na sensa zake zinasoma chuma kimeliwa wapi. Na mkuza wa bomba la mafuta, yaani ule ukanda wa ardhi linamopita, unatakiwa kukaguliwa mara 26 kwa mwaka, nafasi isizidi wiki 3. Hiyo ya wiki 3 watu wanaionaga kama maneno ya ziada lakini bila hiyo kuna mtu angezifanya zote 26 mwezi wa kumi na mbili, nawajua hao.

Sasa mi wasiwasi wangu sio kujipima. Wasiwasi wangu ni pale ambapo sheria haijafika kabisa. Machi 2006 bomba la BP kule Prudhoe Bay, Alaska, lilitobolewa na kutu ya ndani likamwaga zaidi ya galoni 200,000 za mafuta ghafi. Mara ya mwisho pigi ya kupima ilikuwa imepita humo 1998. Miaka minane! Na kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu mabomba ya presha ndogo yaliyopita porini yalikuwa yameachwa nje ya kanuni za serikali kuu, yaani hata mkaguzi mkali kuliko wote asingekuwa na cha kuandika. Kwa hiyo ukikutana na mkubwa akikwambia "sisi tumetimiza kanuni zote" muulize bomba hili hasa linaguswa na kanuni ipi, kisha angalia anavyojibu.

SWALI: Kaka, serikali inapiga faini kampuni ya mabilioni ya fedha halafu faini yenyewe hela ya chai. Hivi faini inasaidia nini? – Mlipakodi Aliyechoka

JIBU: Mara nyingi haisaidii sana, umesema kweli. Chukua lile la San Bruno, California. Tarehe 9 Septemba 2010 jioni bomba la gesi la inchi 30 la kampuni ya PG&E lilipasuka katikati ya makazi, watu 8 wakafa, nyumba 38 zikateketea, na ilichukua dakika 95 kuizima ile gesi kwa sababu vali zilikuwa za kufungwa kwa mkono na watu wa kuzifunga ilibidi waendeshe gari wazifuate. Walipofukua wakakuta rekodi za kampuni zinasema bomba halina mshono, wakati chuma kilichokuwa chini kina mshono tena umechomelewa nusunusu, tangu 1956. Miaka zaidi ya 50 hamna mtu aliyelinganisha karatasi na chuma! Tena bomba lenyewe lilisamehewa kupimwa kwa maji ya presha kubwa kwa vile lilikuwepo kabla kanuni za 1970 hazijaja, na kipimo walichokuwa wanakitumia kilikuwa cha kutafuta kutu, hakiwezi kuona mshono mbovu hata ukikirudia kila siku.

Mahakama ya serikali kuu ikaikuta kampuni na hatia 2016, makosa sita, likiwemo la kuwazuia wachunguzi. Faini? Dola milioni 3, ndo juu kabisa sheria iliporuhusu. Ila wasimamizi wa jimbo walikuwa wameshawapiga dola bilioni 1.6 mwaka 2015, hiyo sasa hata tajiri anaisikia tumboni.

Lakini nikwambie meno yenyewe yako wapi, hayako kwenye faini. Yako kwenye presha. Mkaguzi akiona hatari anaweza kutoa agizo la marekebisho, na likipasuka bomba agizo la kawaida Marekani ni kwamba likiwashwa tena liendeshwe kwenye asilimia 80 ya presha iliyokuwepo siku lilipopasuka mpaka mwenyewe athibitishe sehemu zilizobaki ni nzima. Presha ikishuka mzigo unaopita unapungua, kila saa, usiku na mchana, jumapili na sikukuu, mteja wa upande wa pili anapiga simu anaulizia mzigo wake. Faini inalipwa na mwanasheria mara moja imeisha lakini presha iliyoshushwa inamfanya mkurugenzi mwenyewe aulize kila asubuhi hivi ile ripoti ya pigi iko wapi. Nimeona kampuni moja, siitaji, ilikaa na barua za onyo miaka mingi kwenye droo, waliposhushiwa presha mafundi wa kufukua walikuwa saiti wiki hiyo hiyo.

SWALI: Habari za kazi mhandisi. Mi ni fundi wa ulinzi wa kathodi, bosi anataka tusaini vipimo vya miezi ambayo hatukwenda saiti kwa vile mkaguzi anakuja wiki ijayo. Anasema kila mtu anafanya hivyo. Nifanyeje? – Kalamu Nzito

JIBU: Usisaini mdogo wangu.

Kwa wasiojua, bomba la chuma lililozikwa linapelekewa umeme kidogo ili kutu ikile kipande kingine cha chuma walichokizika makusudi, iliache bomba, na fundi anapita na mita kusoma volti, kigezo kinachotumika sana ni hasi 0.85. Kanuni za Marekani zinataka ile mashine inayotoa huo umeme iangaliwe mara 6 kwa mwaka, isipite miezi 2 na nusu bila kuguswa. Kazi yenyewe inachosha, jua kali, nyoka, ndo maana watu wanajaza wakiwa wamekaa kivulini.

Na bosi wako anajidanganya akidhani haionekani. Mi nilipokuwa mkaguzi nilifungua faili moja kila kituo kinasoma 0.91 mwaka mzima. Mwaka mzima! Udongo unakauka, unalowa, namba lazima icheze, sasa hii yako imegandishwa na nini? Kalamu ile ile, mwandiko ule ule, na karatasi ya mwezi wa kwanza safi kama ya jana, haina hata alama ya jasho. Nikamwambia yule bwana twende wote kituo namba fulani sasa hivi, akaniambia gari bovu. Ukishasaini jina ni lako, la bosi halimo. Aliyekosa kipimo ana kosa dogo la kuchelewa, aliyeghushi ana kesi ya jinai, mbali sana hizo mbili. Andika ukweli, "hakikufanyika", weka tarehe ya leo, kapime leo. Na ukisukumwa, tunza nakala ya alichokuambia. Marekani sheria inamlinda mfanyakazi wa bomba anayesema ukweli, ana siku 180 za kulalamika akifukuzwa au akinyanyaswa kwa sababu hiyo. Wewe tafuta ya nchi yako inasemaje, mapema, kabla mambo hayajachafuka, sio baada.

SWALI: Siku hizi si kuna kompyuta na sensa kila mahali, bomba likivuja chumba cha kontroo wanaona papo hapo, mkaguzi wa kazi gani tena? – Kijana wa Teknolojia

JIBU: Papo hapo? Kaa kitako kijana. Julai 2010 bomba la mafuta la Enbridge lilipasuka karibu na Marshall, Michigan. Alamu zililia. Waliokuwa kwenye skrini wakaamini ni mapovu ya mvuke ndani ya bomba, wakaliwasha tena, mara mbili, na zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yaliyomwagika yalimwagika wakati wa kuwasha huko. Saa 17 na kitu zikapita, na aliyewaambia hatimaye alikuwa mtu wa nje kabisa, mfanyakazi wa kampuni nyingine ya gesi aliyeyaona mafuta kwa macho. Zaidi ya galoni 840,000, yakaingia mto Kalamazoo, kusafisha kukala zaidi ya dola bilioni 1, na PHMSA ikawatoza dola milioni 3.7, ile hela ya chai ya Mlipakodi pale juu.

Ila kinachoniuma zaidi ni kwamba nyufa zenyewe pigi ilikuwa imeziona 2005. Data ilikuwepo miaka mitano. Bodi ya serikali ya Marekani ya kuchunguza ajali, NTSB, haikuilaumu kampuni peke yake, ilisema wazi kwamba usimamizi dhaifu wa PHMSA ulichangia. Yaani serikali moja, mkono wake mmoja ukaunyooshea kidole mkono mwingine, hadharani. Hicho ndo kitu ningependa kila nchi iwe nacho, mchunguzi wa ajali ambaye hakai ofisi moja na mkaguzi, kwa sababu ukimwambia mkaguzi achunguze ajali atakuta kila mtu ana makosa isipokuwa yeye.

SWALI: Mzee naomba kuuliza, nataka kuchimba msingi wa banda, nguzo za alama za bomba ziko pembeni kidogo. Nikichimba kwa jembe taratibu kuna shida? – Mwenye Shamba

JIBU: Ipo. Nguzo inakwambia bomba lipo, haikwambii limepita wapi hasa wala kina gani. Piga namba iliyoandikwa kwenye nguzo waje wakuwekee alama kabla hujagusa ardhi. Na ukiligusa kwa bahati mbaya SEMA, hata kama halivuji, hata kama ni mkwaruzo tu. Ghislenghien, Ubelgiji, tarehe 30 Julai 2004, watu 24 walikufa kwenye mlipuko wa bomba la gesi ambalo mashine ya ujenzi ilikuwa imelikwaruza siku za nyuma na kovu likafukiwa. Bellingham, Marekani, 1999, petroli ikashika moto kwenye kijito, watatu wakafa, wawili watoto wa miaka 10, na bomba lile lilikuwa limejeruhiwa na wachimbaji tangu 1994. Chuma hakisahau, kinasubiri siku presha inapanda.

SWALI: Nikihisi linavuja nifunge ile vali iliyo kwenye uzio? – Mzalendo

JIBU: Usiiguse! Ukifunga vali isiyo sahihi unaweza kupandisha presha mahali pengine. Ondoka kwa miguu upande upepo unakotokea, usiwashe gari, usiwashe chochote, piga simu ukishafika mbali. Na usisubiri harufu, kwenye mabomba makubwa gesi nyingine haijatiwa ile harufu ya yai bovu. Angalia majani yaliyokauka peke yao, mapovu kwenye maji, vumbi linaloruka bila sababu, sauti ya kufoka. Mwaka 2020 bomba la kaboni dayoksaidi lilipasuka Satartia, Mississippi, hewa ile nzito ikatambaa chini hadi kijijini na magari yakazimika watu wakiwa ndani kwa kukosa oksijeni. Na ikiwa ni petroli inamwagika, msikimbilie na madumu. Sinai, Nairobi, 2011, watu kama 100 walikufa petroli iliyoingia kwenye mtaro iliposhika moto, na wengi walikuwa wameenda kuikinga.

SWALI: Bomba la kwetu lina miaka zaidi ya 40. Limezeeka? Sisi wananchi tunaweza kudai nini? – Kamati ya Mtaa

JIBU: Umri peke yake hausemi kitu, lipo la miaka 60 zima na lipo la miaka 10 limeoza kwa sababu mtu alichana plastiki ya kulifunika siku ya kulaza akanyamaza. Msiulize umri. Andikeni barua, mpeleke kwa kampuni na nakala kwa mamlaka inayosimamia, ombeni vitu vitatu tu: tarehe ya mwisho bomba lilipopimwa na kwa njia gani, madoa (sehemu zilizoliwa au kuumia) mangapi yalikutwa na mangapi yamefukuliwa, na vali ya karibu inafungwa na nani kwa dakika ngapi. Hilo la tatu ndo watakalolikwepa. Wakija kwenye kikao na mabango mazuri na kofia za bure chukueni kofia, halafu rudieni lile la tatu, na yule atakayesema faili liko ofisi nyingine mwambieni hamna haraka, mtamsubiri hapo hapo alifuate.