Kabla hujakariri DNA, jua nani kalala upande gani

Kidato cha tano nilikuwa nimekariri jinsi DNA, nyuzi mbili zinazobeba taarifa za urithi, inavyojinakili, kama wimbo wa mchakamchaka. Vimeng'enya vyake, yaani protini zinazofanya kazi hiyo, vina zamu: helikesi inafungua, praimesi inaanzisha, polimerasi inajenga, ligesi inaunga. Mtihani wa muhula ukaja na herufi sita tu za uzi mmoja, ATGCCA, kila herufi ikisimamia kijenzi kimoja cha uzi, tuandike uzi wa pili. Nikaandika TACGGT huku natabasamu. Nilipata nusu ya alama, na pembeni mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu: "Kichwa kiko wapi?"

Jibu nililipata bwenini usiku. Vitanda vilikuwa havitoshi, kwa hiyo mimi na mwenzangu tulilala mzungu wa nne, soksi zake ziko puani kwangu. Na nyuzi mbili za DNA zinalala hivyohivyo! Kichwa cha mmoja kiko miguuni kwa mwenzake.

Siku hizi nafundisha tuisheni, na sharti langu kwa kila mwanafunzi ni moja: usiandike herufi yoyote kabla hujaweka namba. Chora mistari miwili. Wa juu andika 5 kushoto na 3 kulia. Wa chini geuza, 3 kushoto na 5 kulia. Hizo ni namba za kaboni kwenye sukari ya DNA. Mwisho wa 5 una fosfeti, mwisho wa 3 una haidroksili. Ndipo upange herufi: A na T kwa bondi mbili za haidrojeni, G na C kwa tatu. Uzi wangu wa TACGGT ulikuwa unaanzia kwenye 3. Ukiusoma kuanzia 5, kama inavyotakiwa usipoweka namba, ni TGGCAT. Nusu yangu ilipotelea hapo.

Walimu wengi hutumia mfano wa zipu. Kwenye kufunguka, sawa, lakini meno ya zipu yanatazama upande mmoja pande zote mbili, na mfano huo ulinichelewesha sana.

Namba zikishakaa, kazi ya kujinakili haihitaji kukaririwa. Polimerasi inaongeza herufi kwenye mwisho wa 3 tu, kwingine haigusi. Sasa helikesi inapofungua, uzi mpya mmoja unajengwa moja kwa moja, unaifuata nyumanyuma. Wa pili hauna bahati hiyo. Njia yake inaelekea kinyume, kwa hiyo unasubiri nafasi ifunguke, unajengwa kipande, kisha ujenzi unarudi kuanza kipande kingine. Ndivyo vipande vya Okazaki. Mimi nilidhani Okazaki ni jina la kemikali, kumbe ni mume na mke wa Kijapani, Reiji na Tsuneko, waliovigundua miaka ya 1960.

RNA, ndugu yake DNA, wengi huifungia sura yake ya peke yake, wakati imo humuhumu. Polimerasi haiwezi kuanza patupu, inataka mwisho wa 3 wa kushikia. Praimesi inaiwekea kipande kifupi cha RNA, chenye U badala ya T na sukari iliyozidi oksijeni moja. Baadaye kipande hicho kinaondolewa, DNA inajaza pengo, na ligesi inaunga. Kwenye uzi unaojengwa vipande vipande, kila kipande kinaanza na RNA yake. Ukielewa hapo, swali la "kwa nini ligesi ina kazi kubwa upande mmoja" unalijibu bila kufungua daftari.

Mwishowe kila DNA mpya ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Wanasayansi Meselson na Stahl walilionyesha hilo mwaka 1958 kwa kutumia naitrojeni nzito.

Kata karatasi za daftari vipande virefu vya rangi mbili, chora mishale, visogeze mezani huku unasema kwa sauti "naongeza kwenye 3". Nyumbani watakushangaa, waache.

Ukimaliza, jaribu hii: uzi wa 5-GGATCC-3. Andika mwenzake, kisha umsome kuanzia 5. Mwanafunzi wangu mmoja alifuta mara tatu akidhani amekosea, karatasi ikatoboka. Hakukosea. Herufi zinarudi zilezile, na kuna kimeng'enya cha bakteria kinachotafuta mfuatano huohuo ndipo kikate.